KUZITAMBUA DALILI ZA MARADHI YA FIGO ZENYE VIFUKO VINGI

(Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na daktari wa maradhi ya ndani mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi, Unguja. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wasomaji wa mashamba na wa Pemba ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)

Nimeombwa nizungumzie maradhi ambayo wengi wenu hamjayasikia kwa jina lake, japokuwa huenda wapo miongoni mwenu walioishi nayo ndani ya nyumba moja kwa miaka mingi bila ya kujua kuwa ndiyo. Ni maradhi ya figo zenye vifuko vingi. Sisi madaktari tunayahesabu kuwa miongoni mwa maradhi ya kurithi yaliyoenea zaidi duniani. Makisio yanayokubalika ni kuwa mtu mmoja kati ya kila watu 1,000 hadi 2,500 huzaliwa nayo. Hayachagui kabila, rangi wala mwambao. Mtu anaweza kuyafanya hesabu mwenyewe kwa visiwa vyenye watu wanaozidi milioni moja na nusu kama vyetu, akaona kuwa hatuzungumzii jambo la nadra lililoko ng'ambo.

Ndugu wananchi, figo, au buki kama wazee wetu wanavyoziita, ni mbili, zipo nyuma ya tumbo chini ya mbavu, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja ina ukubwa wa ngumi ya mwenyewe na uzito wa takriban gramu 150. Ndani yake mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, kila kimoja na mrija wake. Kwa siku moja figo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kikawa mkojo ni kama lita moja na nusu. Pamoja na kazi hiyo, figo husimamia shindikizo la damu, huamrisha utengenezaji wa chembe nyekundu za damu na huhifadhi nguvu ya mifupa.

Katika maradhi haya, baadhi ya mirija hiyo hufanya uvimbe mdogo ukutani mwake, uvimbe ukajaa maji, ukajikata na mrija ulioutoa, ukawa kifuko kinachojitegemea. Kifuko hicho ni mfano wa lengelenge. Huanza kikiwa kidogo kuliko punje ya mtama, na mwaka hadi mwaka huongezeka. Vinapokuwa mamia, figo huwa kama kichala cha zambarau zilizoiva, na nyama nzuri iliyobaki baina yake hubanwa mpaka ikafa. Figo ya gramu 150 inaweza kufikia kilo kadhaa na kuwa na urefu wa sentimita 30.

Maradhi haya si mapya. Mfalme Stefan Báthory wa Poland alifariki mwaka 1586, na mpasuaji aliyeuchunguza mwili wake aliandika kuwa figo zake zilikuwa kubwa mfano wa za ng'ombe dume, na uso wake wa nundunundu. Wengi wanaona kuwa hiyo ndiyo habari ya mwanzo iliyoandikwa juu ya maradhi haya. Mwaka 1888 daktari Mfaransa Félix Lejars aliyapa jina tunalolitumia. Mwaka 1957 Ove Dalgaard wa Denmark, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 284 pamoja na jamaa zao, alithibitisha namna yanavyorithiwa. Jeni ya kwanza inayoyasababisha, iliyoko katika kromosomu ya 16, ilipatikana mwaka 1994, na ya pili, katika kromosomu ya 4, mwaka 1996. Wagonjwa walio wengi, zaidi ya robo tatu, wana kasoro katika ile ya kwanza, na hao ndio ambao figo zao huchoka mapema, kwa wastani katika miaka ya hamsini na kitu. Wenye kasoro katika ya pili hufika kwa wastani miaka ya sabini na kitu, na baadhi yao hufariki kwa uzee wao bila ya kujua chochote.

Sasa niingie katika dalili, maana ndizo nilizoitiwa. Kabla sijazitaja naomba mlifahamu jambo moja ambalo bila yake hayo mengine yote yatawapotosha. Maradhi haya ni ya kimya. Mtu huzaliwa nayo, akasoma skuli, akacheza mpira, akaajiriwa, akaoa, na katika miaka yote hiyo haumwi. Hata kipimo cha damu cha kreatinini, kile ambacho watu husema "nimepimwa figo, nzima", hubaki kizuri kwa miongo kadhaa, kwa sababu vichujio vilivyosalimika hufanya kazi ya vile vilivyokufa. Kipimo kinapoanza kuharibika, sehemu kubwa ya figo imekwisha kwenda. Kwa hivyo yule anayengoja aumwe ndipo atafute habari za figo zake, huwa amechelewa kwa miaka ishirini.

Pamoja na ukimya huo, mwili hutoa ishara, na ishara ya mwanzo kwa walio wengi ni shindikizo la damu, au presha. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata presha kabla figo hazijapungua nguvu, na mara nyingi huanza wakiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Vifuko hubana mishipa ya damu ndani ya figo. Figo hudhani kuwa damu imepungua, nayo hutoa kemikali za kuipandisha presha. Tumezoea kusema kuwa presha ni maradhi ya watu wazima wenye miili na mawazo mengi. Mnapomwona kijana mwembamba wa miaka 28, karani au mwalimu, anaambiwa presha yake ni 160 kwa 100, msimwambie ni mawazo ya maisha wala msimwambie apunguze hasira. Presha ya kijana ina sababu, na sababu ya kwanza ya kutafutwa ni figo. Apigwe picha ya ultrasaundi.

Ishara ya pili ni maumivu ya ubavuni, kiunoni au tumboni. Hapa ndipo watu wetu wanapopotea kwa urahisi, kwa kuwa lugha yetu ina majina mengi ya maumivu ya kiuno na kila jina lina dawa yake dukani au kwa mganga: mara ni ngiri, mara mshipa, mara baridi yabisi, mara kitanda kibovu. Maumivu ya figo zenye vifuko huwa ya namna mbili. Yapo ya kudumu, mazito, kama mtu aliyefungwa mzigo upande mmoja, yanayozidi akisimama au akitembea sana. Hayo hutokana na uzito wa figo yenyewe. Na yapo ya ghafla na makali, ambayo huashiria kuwa kifuko kimevuja damu, kimeingia vijidudu, au jiwe limekwama katika njia ya mkojo. Mgonjwa mmoja katika kila wanne hivi hupata mawe. Na kwa kuwa nimeitaja ngiri, niongeze kwamba wenye maradhi haya hupata ngiri halisi, ya kinena na ya kitovu, kuliko watu wengine. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na ngiri kweli, akapasuliwa akapona, na figo zake zikaendelea kuachwa bila ya kuangaliwa.

Hatari ya kutoyajua maumivu haya ni dawa anazozinunua mgonjwa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa madukani kama peremende na huchomwa sindano kwa kila anayeumwa mgongo, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu mwenye figo nzima akizimeza kwa siku mbili tatu huenda asidhurike. Mwenye figo zenye vifuko anayezimeza kila siku kwa miaka, kwa sababu "mgongo haumwachi", anazimaliza figo zake kwa mkono wake mwenyewe. Parasitamoli kwa kiasi cha kawaida ndiyo salama zaidi, na kama haimtoshi amwone daktari.

Ishara ya tatu ni damu katika mkojo, na hapa naomba ruhusa ya Mwenyekiti nikae kidogo.

Ndugu wananchi, hapa kwetu mtu akikojoa damu, jawabu hutoka kabla ya kupimwa: ni kichocho. Na kwa miaka mingi jawabu hilo lilikuwa sahihi kwa watoto wengi wa Pemba na wa mashamba ya Unguja, waliooga na kucheza katika mito na madimbwi yenye konokono. Wapo wazee waliokuwa wakiona kuwa mvulana kukojoa damu ni sehemu ya kukua. Lakini hali imebadilika. Baada ya kampeni za kugawa dawa ya prazikuanteli skulini na mitaani, kichocho kimepungua sana katika visiwa vyetu. Jambo hilo la heri lina maana yake kwa daktari na kwa mgonjwa: kadiri kichocho kinavyopungua, ndivyo damu katika mkojo inavyozidi kuwa ishara ya jambo jingine. Wagonjwa wapatao wanne katika kumi wenye figo za vifuko huona damu ndani ya mkojo wao angalau mara moja katika maisha yao, kwa sababu mishipa iliyonyoshwa juu ya vifuko hupasuka, pengine baada ya kubeba mzigo, kuanguka au kugongwa mpirani. Damu hiyo mara nyingi hukoma yenyewe baada ya siku chache, akipumzika na kunywa maji.

Na hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa hupewa dawa ya kichocho, damu hukoma, na wote huamini kuwa dawa imefanya kazi. Mwaka wa pili inarudi, anapewa tena. Mimi nasema hivi: mtu mzima anayekojoa damu apimwe mkojo kwa darubini yatafutwe mayai ya kichocho. Yakionekana, atibiwe. Yasipoonekana, au damu ikirudi baada ya tiba, apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu. Kipimo hicho hakina maumivu wala sindano, na kitafaa pia kugundua mawe na uvimbe wa kibofu, ambao nao haufai kucheleweshwa. Kichocho kwa kawaida hutoa damu mwishoni mwa mkojo, pamoja na mwasho na maumivu chini ya kitovu. Damu ya figo huchanganyika na mkojo wote, ukawa na rangi ya chai ya rangi au ya ukwaju. Tofauti hii inasaidia, lakini haitoshi kumtibu mtu bila ya kupima.

Ipo ishara ya nne, nayo ni homa zenye maumivu ya ubavu zinazorudi rudi, hasa kwa wanawake. Mwanamke hutibiwa "yutiai" mara tatu nne kwa mwaka na dawa hubadilishwa kila mara. Vijidudu vikiingia ndani ya kifuko, mkojo unaweza kuonekana safi kabisa, na si kila dawa hupenya ukuta wa kifuko. Kutibu kwa kubahatisha hapa ni kupoteza fedha na wakati.

Dalili nyengine nitazipitia kwa haraka. Tumbo kuwa kubwa na gumu upande mmoja au pande zote, mshipi wa suruali ukahamishwa tundu kwa tundu ilhali mikono imekonda. Kushiba baada ya matonge machache, kwa sababu ini nalo mara nyingi huwa na vifuko vyake. Kwa wanawake waliozaa mara nyingi, ini linaweza kuwa kubwa kuliko figo zenyewe, ingawa kwa kawaida huendelea kufanya kazi yake vizuri. Kukojoa sana usiku na kiu. Moyo kwenda mbio au kuruka, kwani mmoja kati ya wanne huwa na kasoro ya valvu ya moyo isiyo na hatari kubwa kwa wengi wao.

Moja siwezi kuipitia haraka. Mgonjwa mmoja katika kila kumi hivi huwa na uvimbe mdogo katika mshipa wa damu ndani ya kichwa, mfano wa mpira wa baiskeli uliotutumka mahali pamoja. Aghalabu haupasuki. Ukipasuka, huua au hupoozesha. Kichwa kinachouma ghafla kama radi, maumivu ambayo mtu hajapata kuyaona maishani mwake, pamoja na shingo kukakamaa, kutapika au kuzimia, hakingoji asubuhi wala hakitibiwi kwa kipandauso. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na familia ambayo imewahi kupoteza mtu kwa namna hiyo, nayo ina maradhi ya figo, imwambie daktari, kwa sababu hatari huwa kubwa zaidi kwa waliobaki na ipo haja ya kupimwa kichwa.

Kichefuchefu cha asubuhi, kutapika, mwasho wa mwili mzima, kwikwi isiyokoma, uso na miguu kuvimba, na pumzi kukatika hizo si dalili za kuyatambulia maradhi haya. Hizo ni dalili za figo zilizokwisha shindwa, kwa sababu yoyote ile, na kwa bahati mbaya ndizo zinazowaleta watu wetu hospitali.

Ndugu Mwenyekiti, niruhusu sasa niseme juu ya ukoo. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuyarithi. Ni kama kurusha sarafu, na sarafu hurushwa upya kila mimba. Watoto wanne wanaweza kusalimika wote, na wanaweza kupata wote. Mtoto aliyesalimika hana cha kuwarithisha wanawe; maradhi hayaruki kizazi kuja kuibuka kwa wajukuu, ingawa huonekana hivyo pale mzazi anapokufa kwa ajali au kwa uzee kabla hajajulikana. Aidha, mgonjwa mmoja katika kila kumi hivi huwa wa kwanza katika ukoo wake, kwa hivyo kauli ya "kwetu hayapo" haimtoi mtu katika hesabu.

Chukueni mfano wa familia, nao ni mfano tu. Baba alifariki akiwa na miaka 54, ikasemwa ni presha. Mtoto wa kwanza akafariki na miaka 50, ikasemwa amevimba kwa sumu. Wa pili akaanza kuvimba miguu akiwa na miaka 47. Hapo watu huanza kunong'ona. Jirani anatazamwa kwa jicho jengine, mke wa baba anashukiwa, nyumba inauzwa, na udugu wa miaka arubaini unavunjika kwa sababu ya jambo lililokuwa ndani ya damu yao tokea tumboni mwa mama. Ningependa masheha waliopo hapa walizingatie hili, kwa kuwa kesi kama hizo huletwa kwao kabla ya kuletwa kwetu. Ukoo unaokufa mmoja mmoja katika umri unaokaribiana, kwa presha, kwa figo au kwa kupasukiwa na mshipa wa kichwa, upelekwe kwenye ultrasaundi.

Ultrasaundi hiyo ina kanuni zake za kuisoma. Kwa mtu ambaye mzazi wake anajulikana kuwa na maradhi haya, mwenye umri wa miaka 15 hadi 39 hutosha kuonekana vifuko vitatu kwa jumla. Wa miaka 40 hadi 59, viwili katika kila figo. Wa miaka 60 na kuendelea, vinne katika kila figo. Akifika miaka 40 na ikaonekana hana hata viwili, amesalimika, na awe na moyo mkunjufu. Kijana wa miaka 20 ambaye picha yake ni safi hawezi kupewa hakikisho hilo bado. Arudi tena baadaye. Nasisitiza pia upande wa pili wa jambo hili: mzee wa miaka 65 asiye na historia yoyote ya ukoo, aliyeonekana na kifuko kimoja au viwili, hana maradhi haya. Hivyo ni vifuko vya uzee, mfano wa mvi. Nimeona watu waliokosa usingizi miezi kwa karatasi ya namna hiyo isiyofafanuliwa na aliyeiandika.

Ipo aina ya pili, ya watoto wachanga, iliyo adimu zaidi, kama mtoto mmoja katika kila 20,000. Hiyo huhitaji wazazi wote wawili wawe wamebeba jeni yenye kasoro, wenyewe wakiwa wazima, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne. Kwa desturi zetu za kuoana binamu, jambo hili linatuhusu. Maji ya uzazi huwa machache, mtoto huzaliwa na tumbo kubwa na pumzi fupi, na wanaoishi hupata makovu ya ini na wengu kuvimba. Familia iliyopoteza mtoto kwa hali hiyo izungumze na daktari kabla ya mimba nyengine.

Nimeulizwa na mtumishi mmoja kabla ya mkutano: kujua kunanifaa nini, na dawa hakuna? Swali ni la haki. Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haipo. Lakini baina ya kuyaondoa na kuyaacha yajiendee pana nafasi kubwa. Presha ikidhibitiwa mapema, moyo, ubongo na figo huokolewa. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2014 ulionesha kuwa kwa wagonjwa wasiofika miaka 50 ambao figo zao bado zina nguvu, kuishusha presha zaidi ya kiwango cha kawaida kulipunguza kasi ya figo kukua. Dawa zinazopendelewa kwa kazi hiyo ni za kundi la kaptopri na lisinopri, nazo hazitumiwi na mja mzito, hivyo mwanamke anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema. Chumvi ipunguzwe isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya papa mkavu, ng'onda na vitafunio vya barabarani. Maji yanywewe ya kutosha maadamu figo bado zinafanya kazi. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mgonjwa amwone daktari kabla ya kufunga, kwani kukaa bila ya maji kutwa nzima katika joto letu si sawa kwa figo zilizopungua nguvu, na dini imemwekea mgonjwa ruhusa yake. Sigara iachwe.

Tangu mwaka 2014 huko Japani, 2015 Ulaya na 2018 Marekani, imeruhusiwa dawa iitwayo tolvaptani, ambayo hupunguza kasi ya vifuko kukua. Ni ya bei kubwa, humfanya mtu akojoe na asikie kiu sana, na lazima ini lake lipimwe mara kwa mara. Naitaja ili mtu akiisikia asidhani kuwa ni miujiza, wala asiuze shamba la mikarafuu kwa ajili yake bila ya ushauri.

Takriban nusu ya wagonjwa hufika kushindwa kwa figo wakiwa na miaka 60. Hapo tiba ni kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, au kupandikizwa figo. Zamani upandikizaji ulimlazimu mgonjwa kupelekwa India. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza, na mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Figo mpya hairudiwi na vifuko. Lakini hapa ndipo ukweli wa ukoo unapokuwa mzito: ndugu anayejitolea figo anaweza kuwa nayo maradhi hayo hayo. Asipochunguzwa vyema, tutakuwa na wagonjwa wawili kwa figo moja. Familia ambayo watu wake walipimwa mapema hujua nani anaweza kutoa, na siku ya haja haipotezi mwaka mzima kutafuta.

Kwa wakuu wa idara na maofisa utumishi nina ombi. Mtumishi mwenye maradhi haya anaweza kufanya kazi kwa miaka thelathini kama mwenzake, akipewa nusu siku ya kwenda kliniki kila baada ya miezi kadhaa. Akinyimwa, au siri yake ikitolewa kwenye baraza la kahawa, ataificha, hatahudhuria, na mtampoteza akiwa na ujuzi wake wote. Vivyo hivyo kwa wazazi wanaoficha wakati wa posa. Ninaifahamu hofu yao na siidharau. Hata hivyo mchumba aliyeambiwa ana nafasi ya kuamua. Mke aliyekuja kujua baada ya watoto watatu hana.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyefariki kwa figo, na kila aliye chini ya miaka 40 mwenye presha, aanze katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Aombe kupimwa presha na mkojo, na aombe barua ya kwenda kufanya ultrasaundi ya figo. Aandike kwenye karatasi majina ya jamaa waliofariki, umri wao na kilichosemwa kuwa ndicho kilichowaua, kwa baba na kwa mama. Karatasi hiyo ampe daktari kabla ya kueleza maumivu yake. Watoto wadogo wasio na dalili hawana haja ya kupigwa picha kwa sasa; wapimwe presha mara moja kwa mwaka, na uamuzi wa kupima vifuko waufanye wenyewe wakishakuwa watu wazima.

Nipo tayari kupokea maswali, na wale wasiopenda kuuliza mbele ya watu nitabaki nao chumba cha pili baada ya mkutano.